Mnada katika Hoteli ya Ushirika, Kisumu

Dalali amepanda juu ya kaunta,
ile kaunta ya mvule yenye kona za duara
ambayo Mzee Zedekia alitukataza hata kuiegemea.
Ana kipaza sauti. Ana viatu vya matope.
"Loti ya kumi na nne, mapazia!"
Nayo yanatolewa, kila moja limeshikwa na vijana wawili
kama mgonjwa anayesaidiwa kushuka ngazi:
rangi ya chungwa bivu, miduara ya kahawia ndani ya miduara,
yale yale aliyoyapinda mama
mwaka ambao neno "sisi" lilisemwa bila kukohoa.

Wakulima wa pamba ndio waliojenga,
senti kumi kwa kila kilo, zilizokatwa kabla hazijaonja mfuko,
na wageni wa Bulgaria wakaleta taa:
vikombe mia mbili vya kioo, kichwa chini,
juu ya sakafu ya terazo
ambayo ukiinama waona ndani yake
magamba ya konokono wa ziwani.
Niliyahesabu nikiwa na miaka saba,
nimelala kifudifudi nyuma ya chungu cha maua,
nikimngoja Rispa Amolo atoke chumba cha cherehani.
Tuliingilia mlango wa jikoni. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Ukutani, kwa vigae vidogo kuliko ukucha,
mwanamke wa mabega mapana alibeba mzigo wa pamba
akatazama mbele, juu ya vichwa vya wanywaji chai.
Mama alisema, "Huyo naye hajawahi kupewa kiti."

Leo wanambandua.
Kijana wa mwenye jengo ananieleza dari itakavyokuwa:
jasi nyeupe, vitaa vilivyozama ndani, kuta za kijivu.
"Kama Dubai," anasema, na sina la kumjibu.
Kijivu ni rangi isiyomuudhi mtu
wala kumkumbuka.

Sidai palikuwa peponi. Lifti ilikwama kila Jumatatu,
maji ya moto yalikuwa hadithi,
na wale wa pamba walilipwa ahadi
hadi ahadi zenyewe zikaisha ghalani.
Lakini kuna mtu aliyekaa chini akafikiri
juu ya kishikio cha mlango: kiwe cha mviringo,
kijae kiganjani, hata kiganja
cha mtu asiyezoea kufunguliwa.
Hicho ndicho ninachokililia, ikiwa ninalia.

Loti ya arobaini na moja, viti. Nanyoosha mkono.
Mama alikuwa na alama yake: mshono wa mwisho,
chini, pasipoonekana, aliupiga kwa uzi mwekundu,
"ili siku moja mtu akikipindua
ajue kulikuwa na mimi."
Nimekipata kwa elfu mbili na mia tatu
nikimshinda fundi wa Kibuye aliyetaka mbao tu.
Nikakipindua hapo hapo, mbele za watu.
Kitambaa kipya. Plastiki. Pini za mashine.
Nikapapasa kingo zote nne.
Nikarudia ya kwanza.
Hapana.

Nilikibeba kichwani nikatokea mlango wa mbele.
Bawabu akasema, "Pole mama, kinaonekana kizito,"
nami nikamwambia si kizito.

Sasa kiko Nyalenda, kinaziba njia ya jikoni,
wajukuu hupita kwa ubavu.
Kinamlaza mtu nyuma kupita kiasi,
kana kwamba hana haraka, kana kwamba nchi nzima
imeketi inangoja chai yake
na chai iko njiani.

Jana nilinunua uzi mwekundu, wa shilingi ishirini.
Uko mezani, karibu na dawa zangu.
Bado sijakipindua.